Dirisha la Ngazini: Maisha ya Mzee Antipasi Gunda Msengi, Mtunza Nyumba ya Mbao ya Sekenke, 1919–1997

Tumsifu Yesu Kristo. Baba Paroko, Mwenyekiti wa kijiji, wazee wetu shikamooni, ndugu na majirani mlioshuka mlima wa Sekenke kwa miguu kuja kukaa nasi juani, familia imemteua mjukuu wa marehemu, Damari binti Edward, asome historia hii, kwa sababu ndiye aliyesoma sana na ndiye asiye na kazi, kwa hiyo muda anao, naye amekubali kwa sharti moja, kwamba asome yote, siyo yale tu yanayopendeza mbele ya jeneza.

Mzee Antipasi Gunda Msengi alizaliwa tarehe 14 Februari 1919 katika kijiji cha Kisiriri, Iramba, akiwa mtoto wa nne wa Mzee Gunda Msengi, na tarehe hiyo aliandikiwa na padri siku ya ubatizo, kwani mama yake alichokumbuka ni kwamba mtama ulikuwa umefika kiunoni na kwamba ulikuwa mwaka wa njaa ile ambayo wazee wetu hadi leo hawapendi kuitaja.

Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1929 hadi 1932, darasa la kwanza mpaka la nne, akajua kusoma, kuandika, kujumlisha na kutoa, kisha baba yake akafariki naye akaacha shule, kwa maana ng'ombe hawamsubiri mtu amalize kitabu, na kati ya mwaka 1933 na 1936 akajifunza useremala kwa fundi wa misheni, mtu mkali aliyempiga kofi kila aliposukuma randa kinyume cha nyuzi za ubao, makofi ambayo marehemu aliyasimulia kwa shukrani hadi uzeeni, akisema kuwa ubao nao una heshima yake, ukiulazimisha utakuchana.

Tarehe 3 Agosti 1936, akiwa na miaka kumi na saba, aliajiriwa na mgodi wa dhahabu wa hapa Sekenke, na kazi yake ya kwanza haikuwa ya dhahabu, ilikuwa ya nyumba, ile mnayoiona nyuma yangu, ambayo wengi wenu mmeipita maisha yenu yote bila kuitazama, na wengine mmeitazama kwa jicho la bati na misumari tu.

Meneja wa mgodi wakati huo alikuwa Mwingereza, na mke wake alikuwa bado yuko kwao akisitasita kuja, basi yule bwana akaona dawa ni kumjengea nyumba inayofanana na ile aliyokulia kwa baba yake, ikaagizwa nzima nzima ng'ambo ikiwa vipande vipande, mbao za paini zilizosafiri kwa meli, kwa treni hadi Singida, kwa lori hadi juu ya mlima, na kwenye mteremko, lori liliposhindwa, kwa mabega ya baba zenu, ndiyo maana mjukuu wake anashangaa akisikia mtu anasema nyumba ile ni mali ya mkoloni, kwa sababu mkoloni alishuka mlima ule akiwa ameketi.

Kila kipande kilikuwa kimechongwa namba za Kirumi kwa patasi, ubao wa nne na kiungo cha nne, wa tisa na cha tisa, na Antipasi, ambaye namba zile alizijua kwenye kitabu cha sala, ndiye aliyewasomea mafundi wakubwa kuliko yeye, kwa hiyo nyumba ikasimama kwa sauti yake, ghorofa moja, mlango katikati, nguzo mbili, madirisha mawili kila upande chini na matano juu, matatu nyuma, na juu ya mlango dirisha la nusu duara lililotanuka kama mkia wa bata mzinga aliyekasirika, yote ikiwa imekaa juu ya miguu ya mawe iliyovikwa kofia za bati ili mchwa wapate taabu ya kupanda.

Vitabu vinaita mtindo huo Georgian, na Damari alifundishwa habari zake chuoni, symmetry, proportion, na maneno mengine ya kupasia mtihani, lakini marehemu, ambaye Kiingereza chake chote kilikuwa majina ya vifaa, alilieleza jambo hilo vizuri kuliko profesa, alikuwa anamsimamisha mgeni katikati ya uwanja na kumwambia, "Tazama, hii nyumba ina adabu, kulia hakumzidi kushoto, na hakuna anayepiga kelele."

Mke wa meneja hakuja, barua ilikuja badala yake, meneja akakaa miaka mitatu peke yake katika vyumba sita, akila chakula chake ngazini kwa sababu meza, alisema, ilikuwa ndefu mno, kisha akaondoka, akimwachia Antipasi ufunguo na agizo la kuitunza nyumba mpaka atakaporudi, na hakurudi, na ndivyo ilivyotokea kwamba nyumba iliyojengwa kumsubiri mtu mmoja ikaendelea kusubiri, na babu yetu akasubiri nayo.

Tarehe 25 Novemba 1944 marehemu alifunga ndoa takatifu na bibi yetu Marietha, aliyetoka Ndago, ambaye alipoambiwa kuwa ataishi katika chumba na jiko nyuma ya nyumba yenye vyumba sita vitupu aliuliza mumewe ana akili timamu, na jibu alilopewa ni kwamba mlinzi halali ndani, jibu ambalo marehemu alilishika kwa zaidi ya miaka hamsini, hata mvua ilipopasua paa la chumba chake mwaka 1978, hata bibi alipougua, hakulala katika nyumba ile hata usiku mmoja.

Mungu aliwajalia watoto watatu, Edward aliyezaliwa mwaka 1946, Yohana aliyezaliwa mwaka 1949 na kuchukuliwa na surua mwaka uliofuata, na Janeth aliyezaliwa mwaka 1953, ambaye anaishi Mwanza na yuko hapa leo, na marehemu aliwalea wote kwa mshahara wa mtunza nyumba, shamba la mtama na uwele, na ng'ombe wachache.

Mgodi ulifungwa, Uhuru ukaja, nyumba ikawa rest house, baadaye ikawa ya shirika la umma, mabwana wakabadilika na ufunguo ukabaki mfukoni mwa mtu yule yule, na kila mwaka mwezi wa kumi, kabla ya mvua, alifungua madirisha yote kumi na mawili, akabadilisha kamba zilizochoka za kuyapandisha na kuyashusha, akapaka mafuta makapi zinamopita, akafagia njia za mchwa miguuni, na palipooza alikata kipande na kutia kipya, kisha juu ya kipande kipya akachonga mwaka kwa namba zile zile za Kirumi, kwa hiyo leo ukiizunguka nyumba ile ukiipapasa kwa mkono, taratibu, utasoma maisha yake yote na ya taifa hili, mwaka wa ukame, mwaka wa vita vya Kagera, mwaka ambao misumari ilipotea madukani akatumia vigingi vya mti.

Mshahara wake ulikoma mwezi Julai 1985, hakuna barua iliyoeleza sababu, na alipokwenda ofisini Singida kuuliza, karani alimwambia, "Mzee, wewe kwenye orodha yetu ulishastaafu," naye akauliza, "Na nyumba je, nayo imestaafu?" watu wakacheka, akapanda lori akarudi, na mwezi wa kumi ulipofika akafungua madirisha kama kawaida.

Bibi Marietha alifariki tarehe 9 Mei 1988, akazikwa pale mnapoona udongo mpya leo pembeni yake, na tangu siku hiyo marehemu alikaa peke yake, akipika peke yake, akisali rozari peke yake na kuitikia mwenyewe, na jioni akiketi kwenye ngazi za mbele ambako vidato vyake vimeliwa katikati na makalio ya mtu mmoja, akizungumza, majirani wanasema, wengine kwa huruma na wengine kwa kucheka, na nyumba.

Kisha likaja hili la ruksa, soko huria, kila kitu kinauzika na asiyeuza ni mjinga, mwanawe Edward akapunguzwa kazi mwaka 1993 na kupewa cheti cha shukrani, na mjukuu wake Damari, aliyesomeshwa kwa ng'ombe wa babu huyu, akahitimu shahada ya historia mwaka 1994, katika kundi lililofika kwenye mlango wa ajira likakuta umetiwa kufuli, Bachelor of Arts with Honours, honours za kukaa kijiweni, barua thelathini na mbili za maombi na majibu manne, yote yakianza na neno regret, basi mwezi Machi 1995 akaja kukaa hapa Sekenke na babu yake, palipokuwa na uji wa uwele na hakuna mtu wa kumuuliza amepata kazi wapi.

Mwishoni mwa mwaka huo ikabandikwa karatasi kwenye mti wa ofisi ya kijiji kwamba mali za shirika zitauzwa, na nyumba ikiwemo, as is where is, yaani kama ilivyo na hapo ilipo, na wiki ile ile likaja gari la mnunuzi mmoja aliyegonga kuta kwa vidole kama mtu anayechagua tikiti maji, akamwambia dereva wake mbele ya marehemu, bila hata salamu, "Hii tukiibomoa, mbao zake tu zinajaza semi mbili," na marehemu akamjibu, "Marahaba, mwanangu," ingawa hakuwa ameamkiwa.

Hapo ndipo Damari alipoona kwamba shahada yake ina kazi moja hapa duniani, akaketi kwenye vidato vile na kuandika barua ya kurasa tisa kwa ofisi inayohusika na kumbukumbu za kale, akieleza mtindo, mwaka, namba za patasi, vioo vya zamani vyenye mawimbi, kamba na mawe ya chuma ya kubeba uzito wa madirisha, yaliyofichwa ndani ya fremu, na baada ya miezi minane, jambo la ajabu katika nchi hii, likaja jibu, kwamba mtaalamu atafika tarehe 17 Septemba 1996 kuikagua, na akiridhika kuwa nyumba ina uhalisi wake, itaingizwa kwenye orodha ya kumbukumbu za taifa na hakuna atakayeruhusiwa kuibomoa.

Damari alimsomea babu yake barua hiyo, lakini, na hapa ndipo alipowekea sharti la kusoma yote, alimsomea kwa haraka, kwa sababu siku ile ile alikuwa ameitwa kwenye usaili Singida na basi lilikuwa linapiga honi, akamwambia tu, "Babu, wageni wakubwa wanakuja kuiona nyumba tarehe kumi na saba, wakiipenda imepona, iandae," akapanda basi.

Sasa ninyi ni watu wa Iramba, mnajua maana ya kumwambia mzee wa Iramba kwamba wageni wanakuja, nani kati yenu humpokea mgeni kwenye ukuta usiosiribwa, nani humkalisha kwenye kigoda kilichopasuka, basi marehemu aliuza maksai wake wawili, akanunua mbao mpya za mninga, vioo na rangi, akaagiza pombe ya mtama ipikwe, akaita watu wa kazi ya pamoja, na wengi wenu mlikuja, mkafanya kazi siku kumi na moja kwa nyimbo, mkatoa madirisha yote kumi na mawili yaliyochoka mkatia mapya yanayofunguka kwa bawaba, mkaitoa ile nusu duara ya mlangoni yenye ufa mkatia ya mninga, mkapiga randa miimo ya mlango mpaka namba za Kirumi zikaisha, mkapaka kuta rangi ya samawati na nguzo nyeupe, na hakuna hata mmoja aliyefanya hivyo kwa ubaya, nyumba iling'aa kama bibi harusi, watoto walikuja kutoka Shelui kuiona.

Damari alirudi jioni ya tarehe 16 bila kazi, baada ya wiki tatu za kuzungushwa ofisi hadi ofisi, akashuka kwenye basi, akasimama barabarani na begi lake, na babu yake, aliyekuwa amevaa koti lake la ndoa, akaja kumpokea akicheka kama mtoto, akamuuliza, "Unaionaje?"

Mtaalamu alifika kesho yake saa nne asubuhi, kijana mpole mwenye kamera, akamwamkia mzee vizuri, akazunguka nyumba mara mbili, kisha akauliza, "Babu, madirisha ya mwanzo yako wapi?" marehemu akamjibu, "Nimeyatoa, mwanangu, yalikuwa yamechoka, vioo vyake vilikuwa vinamkunja mtu sura," kijana akasema kwa sauti ndogo, "Hayo ndiyo tuliyoyafuata," na mzee, bado akitabasamu, akauliza, "Mtoke Dar es Salaam kote kule mje kuangalia vilivyochoka?" na hakuna aliyecheka, mtaalamu akaandika, akakubali chai, akaondoka, na nakala ya alichoandika Damari anayo hapa, mistari miwili, extensively altered, original fabric lost, not recommended for listing, yaani imebadilishwa mno, vya asili vimepotea, haifai kuorodheshwa, mistari miwili kwa miaka sitini.

Siku ile mjukuu wake alimwambia maneno ambayo mtoto hamwambii mzee, alimwambia, "Babu, nyumba umeiua kwa mikono yako mwenyewe," na marehemu akavua koti la ndoa, akalikunja, akaliweka juu ya begi lake la vifaa, na kesho yake asubuhi Damari akaondoka kwenda Utemini, mjini Singida, akapata kibarua katika duka la Haji Anuari la kupiga chapa barua, ambako kutwa aliwapigia watu wengine barua zao za kuomba kazi, na kwa muda wa miezi tisa hakumwandikia babu yake hata moja.

Miezi tisa hiyo marehemu aliishije, familia haikujua, na inakiri haikuuliza, tunayoyasema hapa tumeyapata kwa jirani yake Urbano, mchimbaji mdogo wa upande wa mashariki, ambaye anasema kwamba kuanzia mwezi Oktoba alisikia nyundo kila siku asubuhi, akadhani mzee anabomoa kabla mnunuzi hajabomoa, akaenda kumsalimu na kumtania, "Mzee, niachie japo milango," akamkuta amepiga magoti anakwangua rangi ya samawati kwa kipande cha kioo, upana wa kiganja kwa siku, na nyuma yake, wazi, ile stoo ya mtama ambayo hakuna mtu mwingine aliyewahi kuingia tangu bibi afariki.

Stoo ile haikuwa na mtama, yalikuwamo madirisha yote kumi na mawili ya zamani, yamesimamishwa kwa ukingo juu ya mawe ili mchwa wasiyafikie, kila kioo kimefungwa kwa khanga za Marietha, ilikuwamo nusu duara yenye ufa wake, yalikuwamo hata maranda ya miimo ya mlango katika gunia, kwa sababu ni kweli kwamba alitaka wageni wakute kipya, lakini huyu alikuwa fundi wa misheni, na fundi wa misheni hatupi kitu cha mwenye nyumba, hata kama mwenye nyumba amechelewa kurudi kwa nusu karne.

Basi akaanza kuyarudisha, dirisha moja moja, namba kwa namba, mtu wa miaka sabini na saba, peke yake, akiegemeza fremu kwa gogo na kamba akiishika kwa meno, madirisha yale ya mninga aliyoyauzia maksai akiyapanga chini kwa utaratibu kama vile yatahitajika siku moja, kufikia Krismasi manne, kufikia Pasaka tisa na ile nusu duara, kufikia katikati ya Mei kumi na moja, na hakumwambia mtu anafanya hivyo kwa nini, na Urbano alipomwambia, "Lakini mzee, wale wa Dar wameshakataa," alijibu, "Wale wamekataa yao, mimi narudisha ya watu."

Likabaki moja, la nyuma, la ngazini, kubwa kuliko yote, na hilo, mafundi waliopo watanithibitishia, halipandishwi na mtu mmoja, kwa sababu ndani yake hakuna sakafu, kuna ngazi inapita, mtu mmoja sharti awe nje juu ya ngazi ya kuegemeza analibeba, na mwingine awe ndani anafunga kamba kwenye mawe ya chuma, ukikosa mmoja, dirisha linakurudia.

Tarehe 20 Mei 1997 konda wa basi la Singida alifika dukani Utemini akamwambia Damari, mbele ya wateja, "Mzee wako anakusalimia, anasema uje, ana kazi ya watu wawili," na Damari, aliyekuwa bado ana hasira, na aliyedhani anaitwa kuvuna mtama, akasema, "Mwambie niko kazini," na ukweli wa neno hilo, waombolezaji, ni huu, kwamba siku ile tangu asubuhi alikuwa amepiga chapa barua mbili.

Marehemu alimsubiri siku kumi na tatu, Urbano anasema kila basi liliposhuka mlima alitoka hadi barabarani, na alipomwambia, "Mzee, si unipe mimi hiyo kazi?" alikataa kwa upole, akisema, "Mjukuu wangu ndiye aliyeiandikia nyumba barua, ndiye anayejua linavyotakiwa kukaa," na tarehe 2 Juni asubuhi akajaribu peke yake, dirisha likamrudia, akaanguka kutoka ngazi ya nje, akavunjika nyonga, na alipolala pale chini, tunaambiwa na Urbano aliyemkuta saa saba mchana, kioo kilikuwa kizima juu ya kifua chake, hakijapata hata mstari, amekikumbatia.

Alipelekwa hospitali Kiomboi siku hiyo hiyo, Damari akapata habari tarehe 4, akafika tarehe 5, akakaa naye siku kumi na nne, na wote wawili hawakuzungumza habari za mwezi wa tisa, alimsomea magazeti, akamkata kucha, na siku moja tu marehemu alimuuliza, "Kazi umepata?" akasema, "Bado, babu," naye akasema, "Basi iko moja Sekenke, haina mshahara, naijua mwenyewe," akacheka mpaka akakohoa, na homa ya mapafu ikampata, na alfajiri ya Alhamisi tarehe 19 Juni 1997 akafariki, akiwa na umri wa miaka sabini na minane, akiacha watoto wawili, wajukuu saba, kitukuu mmoja, na ufunguo.

Jana mwili uliporudi, wazee walishauriana ukae wapi usiku wa mkesha, chumba chake hakitoshi jeneza na watu, wakaamua uingizwe nyumba kubwa, na hivyo mlinzi ambaye hakulala ndani akalala ndani, ukumbini, chini ya ngazi, chini ya dirisha lililo wazi, na upepo wa mlimani uliingia muda wote, hakuna aliyethubutu kuliziba kwa turubai.

Familia inatoa shukrani zake kwa madaktari na wauguzi wa Kiomboi waliomhudumia babu yetu kama baba yao, kwa Urbano aliyembeba mgongoni hadi barabarani, kwa Baba Paroko na jumuiya, kwa Haji Anuari aliyefunga duka na kuja na sanda japo si wa dini yetu, kwa majirani wote mliokuja kwa pombe ya mtama mwaka jana na mliokuja bila pombe mwaka huu, na kwa wafanyakazi wenzake wa mgodi, ambao wamebaki wawili, wameketi pale mbele, msimame tuwaone, basi, ketini wazee wetu.

Sasa tangazo, na hili si la kamati ya mazishi, ni la mjukuu wake, mnada wa nyumba ni tarehe 30 Julai, barua nyingine ya kurasa tisa imepelekwa Dar es Salaam juzi, safari hii inasema madirisha kumi na moja ya mwanzo yako mahali pake, na miaka ya matengenezo imechongwa ukutani kwa mkono wa mtu aliyeisimamisha nyumba, na kama hiyo siyo original basi neno hilo lenyewe linahitaji kurudi shule, wanaweza kukubali, wanaweza kutujibu tena kwa regret, mnunuzi anaweza kuja na semi zake mbili, hayo hatuyajui, lakini tukishamfukia mzee na kunawa mikono, kabla ya chakula, Damari atapanda ngazi ya nje akiwa amebeba dirisha la kumi na mbili, na anahitajika mtu mmoja, mmoja tu, wa kusimama ndani na kufunga kamba.

Babu Antipasi, umeshatusubiri vya kutosha, toka pale barabarani uingie ndani, lala kwa amani pembeni ya Marietha, basi limefika.